Kwa nini vibonzo vya televisheni hujificha ndani ya komiki za mashujaa?

Vijana wa Mombasa wanaosoma komiki za mashujaa, wawe wanazisoma kwenye simu au wamezinunua kuukuu kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, huulizana swali moja mara kwa mara: mbona katikati ya kisa cha vita anatokea mnyama anayefanana mno na kibonzo tulichokitazama kwenye televisheni utotoni? Jibu linalotolewa kwa kawaida ni kwamba kampuni moja inamiliki komiki na vibonzo, kwa hiyo imepenyeza tangazo la biashara. Jibu hilo lina sura ya ukweli, kwa kuwa DC, kampuni ya komiki, imo mikononi mwa Warner, wenye sungura Bugs Bunny, na Marvel, kampuni nyingine ya komiki, ni mali ya Disney, wenye bata Donald Duck. Tatizo ni kwamba tarehe zinalikataa.

Disney iliinunua Marvel mwaka 2009. Howard the Duck, bata wa Marvel mwenye koti, tai na sigara, aliyebuniwa na mwandishi Steve Gerber na mchoraji Val Mayerik, alitokea mara ya kwanza mwaka 1973, yaani miaka 36 kabla ya ununuzi huo. Disney haikumpokea kama tangazo la bure. Ililalamika kwamba bata huyo anamkaribia mno Donald, mpaka Marvel ikakubali kumvisha suruali. Suruali hiyo inastahili kuzingatiwa, kwa sababu inaonyesha mpaka ulipo. Hakuna anayeweza kulimiliki wazo la bata anayesema, lakini umbo mahsusi la bata fulani lina mwenyewe. Kwa hiyo mchoraji anayetaka kukitaja kibonzo cha mwenzake hulazimika kusimama mahali pembamba, karibu kiasi cha msomaji kutambua na mbali kiasi cha mmiliki kutodai kwamba ameibiwa.

Je, inawezekanaje kutambulika bila kuonekana? Katika vichochoro vya Mji wa Kale, mwanamke aliyejifunika buibui na nikabu hutambuliwa na jamaa zake kwa mbali, kwa mwendo, kimo na namna anavyogeuza bega, kabla hajatamka neno. Vibonzo vya filamu vimejengwa kwa kanuni hiyo hiyo. Kwa kuwa kila kibonzo kilipaswa kuchorwa maelfu ya mara na mikono ya watu wengi, wabunifu walikipa umbo jepesi na tabia zisizobadilika, na tabia hizo ndizo zinazobaki hata jina, rangi na mavazi vikiondolewa. Mchoraji wa komiki huuficha uso na kuubakiza mwendo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote umo katika toleo la 5 la Animal Man, komiki ya DC, la mwaka 1988, lililoandikwa na Grant Morrison na kuchorwa kwa penseli na Chas Truog. Humo yumo mnyama aitwaye Crafty, anayegongwa na lori jangwani, anayeanguka kutoka kwenye jabali na kupondwa na jiwe, na ambaye kila mara mwili wake hujiunga upya. Jina la Wile E. Coyote halitajwi popote, lakini yeyote aliyewahi kumwona mbweha yule wa vibonzo vya Warner, aliyebuniwa na mwongozaji Chuck Jones, akimfukuza ndege Road Runner anajua papo hapo ni nani. Tofauti ni kwamba hapa maumivu ni ya kweli, na kile kilichokuwa kichekesho kinageuka mateso ya kiumbe aliyekubali kuumia ili wenzake wapate amani. Nadhani kisa hicho kisingewezekana kwa jina halisi.

Ni haki kukiri kwamba mwaka huo DC na vibonzo hivyo tayari vilikuwa chini ya Warner, kwa hiyo nadharia ya tangazo ina pa kushika hapa. Hata hivyo, kampuni zinaposhirikiana kwa nia ya kuuza huandika majina kwenye jalada, kama ilivyofanyika mwaka 2000 kwa Superman na Bugs Bunny, na mwaka 2017 kwa Batman na Elmer Fudd, mwindaji anayemsaka Bugs Bunny. Vilevile toleo la 32 la Swamp Thing, komiki nyingine ya DC, la mwaka 1985, lilileta wageni wadogo kutoka sayari nyingine, wenye maumbo na matamshi ya wanyama wa Pogo, katuni ya magazetini ya Walt Kelly ambayo haikuwa ya DC.

Tahadhari inahitajika, kwa sababu jicho lililozoea kutafuta huona hata kisichokuwapo. Sungura aliyechorwa ndani ya umati si lazima awe Bugs Bunny, kwani masikio marefu ni ya sungura wote. Lakini sungura huyo akiwa anatafuna karoti, ameegemea kitu kwa utulivu, na anayemsemesha ni mwindaji aliyemlenga bunduki, dalili zimekutana kiasi cha kuamini kwamba mchoraji alikusudia.