Kupandishiwa toleo kwa lazima: maana yake, na kwa nini watu hukasirika

Kupandishiwa toleo kwa lazima ni pale mfumo endeshi wa kompyuta au simu unapohamishwa kutoka toleo moja kwenda jingine bila mwenye kifaa kuamua. Wakati mwingine huulizwa, lakini swali lenyewe lina majibu mawili tu: "sasa" na "baadaye". "Hapana" haimo.

Hapa kuna kazi mbili ambazo skrini huziita zote masasisho. Ya kwanza ni kiraka cha usalama: mafaili machache yanabadilishwa ili kuziba tundu, na kompyuta inabaki ileile. Microsoft hutoa viraka vya Windows kila Jumanne ya pili ya mwezi. Ya pili ni kupandisha toleo, nayo ni kazi nzito. Mfumo wa zamani unawekwa kando kwenye folda ya Windows.old, mfumo mpya unasimikwa, kisha programu, draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa) na mipangilio yako vinahamishiwa humo kwa matumaini kwamba vitaelewana. Si kila toleo hupita njia hiyo. Windows 11 23H2 (jina la toleo: nusu ya pili ya 2023), kwa aliyekuwa na 22H2, ilikuja kama kifurushi kidogo tu cha kuwasha vitu vilivyokwisha kuwekwa, ila 24H2 ilibadilisha mfumo mzima. Ndiyo maana mtu mmoja husema sasisho lake lilikwisha kwa dakika chache na mwingine akashinda anatazama asilimia.

Kesi inayotajwa zaidi ni ya Windows 10. Ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na wenye Windows 7 na 8.1 wakapewa mwaka mmoja wa kuichukua bure. Mwaliko wenyewe uliingia kwa sasisho namba KB3035583, kupitia mlango uleule wa viraka. Mafaili ya gigabaiti kadhaa yakaanza kupakuliwa kimyakimya kwenye folda iliyofichwa, $WINDOWS.~BT, hata kwa watu ambao hawakuwa wameomba chochote. Mwanzoni mwa 2016 toleo hilo likawekwa kwenye kundi la masasisho yanayopendekezwa, kundi ambalo kompyuta nyingi zilikuwa zimepangwa kulisakinisha zenyewe. Kilichowaudhi watu kuliko vyote kilikuja Mei 2016: ukifunga dirisha la taarifa kwa alama ya X, ratiba ya kupandishwa ilibaki palepale. Miaka yote X imekuwa na maana ya "sitaki". Kabla ofa haijaisha, Microsoft iliongeza chaguo la kukataa waziwazi. Mwaka huohuo mfanyabiashara mmoja wa California alishinda kesi na kupata dola 10,000 kwa sababu ya kompyuta ya kazi iliyoharibika baada ya kupandishwa, pale Microsoft ilipoacha rufaa iliyokuwa imekata.

Kampuni zina hoja, na si ndogo. Kiraka cha Windows kilichotangazwa kwa namba MS17-010, cha kuziba tundu moja kubwa, kilitolewa tarehe 14 Machi 2017. Virusi vya WannaCry vikapita kwenye tundu hilohilo tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, na hospitali za Uingereza zikaathirika vibaya. Waliokuwa wameweka kiraka hicho walisalimika. Lakini tazama vizuri: hoja hii inatetea viraka. Haitetei kubadilishiwa menyu, kuondolewa programu (aliyetoka Windows 7 kwenda 10 alipoteza Windows Media Center) wala kurudishiwa kivinjari usichokitaka. Ubuntu, mfumo endeshi wa familia ya Linux, inaonyesha mambo haya yanaweza kutenganishwa: programu yake ya unattended-upgrades huweka viraka vya usalama yenyewe, lakini kuhamia toleo jipya kunahitaji mtu akubali mwenyewe, kwa mfano kwa amri ya do-release-upgrade. Kujiendesha peke yake si tatizo. Tatizo ni kutumia imani ya viraka kupitishia mambo mengine.

Upandishaji unapokwama, sababu hazitofautiani sana. Nafasi ya diski huongoza: acha angalau gigabaiti 20 wazi. Kosa 0x80070070 maana yake nafasi haitoshi. Makosa yanayoanza na 0xC1900101 karibu kila mara ni draiva, basi chomoa printa, diski za nje na kila kifaa cha USB kisicho kibodi wala mausi, kisha ujaribu tena. Kompyuta itajiwasha upya mara kadhaa, na asilimia inaweza kusimama muda mrefu bila chochote kuharibika, kwa hiyo usikate umeme maadamu diski inafanya kazi. Kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows la kuficha data), uwe na ufunguo wake wa tarakimu 48 mahali pengine kabla ya kuanza, kwani baada ya mabadiliko ya aina hii unaweza kuombwa.

Mafaili nayo huweza kupotea. Windows 10 toleo 1809 lilitoka tarehe 2 Oktoba 2018 na kusimamishwa siku chache baadaye kwa sababu lilifuta nyaraka za baadhi ya watu waliokuwa wamehamishia folda zao sehemu nyingine. Walioumia walikuwa wale waliobonyeza kitufe cha kutafuta masasisho wakidhani wanaangalia tu. Wakati huo, kubonyeza kulihesabiwa kuwa ni kujitolea.

Sasa, jinsi ya kujilinda bila kujiacha uchi. Wengi huzima wuauserv, huduma ya Windows inayoleta masasisho. Haifai: Windows ina huduma nyingine, WaaSMedicSvc, ambayo kazi yake ni kuifufua, na hata ukifanikiwa utakuwa umezuia viraka pia. Njia bora, kwa wenye Windows Pro (aina ya kazini; ya nyumbani huitwa Home), ni kulifunga toleo. Fungua regedit (programu ya kuhariri mipangilio ya ndani ya Windows), nenda HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate (HKLM ni kifupi cha HKEY_LOCAL_MACHINE), weka TargetReleaseVersion kama DWORD, yaani namba, yenye thamani 1, ProductVersion kama maandishi "Windows 11", na TargetReleaseVersionInfo kama maandishi ya toleo unalotaka kubaki nalo, mfano "24H2". Viraka vitaendelea kuja. Kila toleo la Home na Pro la Windows 11 hupata viraka kwa miezi 24, na kifungo hiki hakidumu milele: toleo likishapitwa na mwisho wake kwa siku 60, mfumo utakupandisha tu.

Mwenye Home ana machache. Anaweza kusitisha masasisho kwa wiki tano, kisha lazima ayasakinishe kabla ya kusitisha tena. Anaweza pia kuweka saa za kazi, hadi saa 18 kwa siku, ambazo kompyuta haitajiwasha upya yenyewe. Kuutaja mtandao wake kuwa unalipiwa kwa kipimo huzuia upakuaji mwingi, na kwa anayetumia bando hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Zaidi ya hapo, ahifadhi kazi yake kabla ya kuondoka mezani.

Ukishapandishwa na hukuridhika, una siku 10 za kurudi, kupitia sehemu ya Urejeshaji kwenye Mipangilio. Usisafishe diski katika siku hizo, maana Windows.old ikifutwa njia ya kurudi imefungwa. Ukitaka muda zaidi, fungua dirisha la amri kama msimamizi kabla siku hizo hazijaisha, uandike DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60, na zitakuwa 60. Ukisharudi, sitisha masasisho siku hiyohiyo, la sivyo toleo lilelile litaletwa tena. Programu ulizoweka baada ya kupandishwa hazitarudi nawe, kwa hiyo ziorodheshe kwanza.