Kwa nini Wagnosi wa kale wanatajwa kwenye siasa za leo

Wanafunzi wetu wa falsafa ya siasa hapa Mwanza huuliza swali hili karibu kila muhula: Wagnosi wa karne ya 2 wana uhusiano gani na Marx au Hitler? Wana haki ya kushangaa.

Wagnosi hawakuwa dhehebu moja. Yalikuwa makundi mengi, na mengi kati yake yalifundisha kwamba ulimwengu huu ni kazi ya mungu mdogo, mjinga au mwenye husuda. Kwamba ndani ya baadhi ya watu imo cheche ya nuru iliyonaswa mwilini. Na kwamba kinachookoa ni ujuzi wa siri. Irenei, askofu wa Lyon, aliwaandikia kitabu kizima cha kuwapinga mnamo mwaka 180. Kwa karne nyingi waliosimuliwa kwetu walikuwa Wagnosi wa wapinzani wao, mpaka vitabu vyao wenyewe vilipofukuliwa karibu na Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945.

Aliyewaingiza kwenye siasa kwa kishindo ni mwanafalsafa wa siasa Eric Voegelin. Alikimbia Vienna mwaka 1938 baada ya Wanazi kuitwaa Austria, akahamia Marekani, na mwaka 1952 akatoa kitabu kilichodai kwamba itikadi kubwa za zama zetu ni Ugnosi uliobadili mavazi. Dunia imeoza tangu msingi, wachache wanajua siri ya historia, na kwa siri hiyo pepo itajengwa hapahapa duniani. Mzizi wake aliuona kwa Yoakimu wa Fiore, mmonaki aliyefariki mwaka 1202, aliyegawa historia katika zama za Baba, za Mwana na za Roho.

Kwangu mimi, hoja yake nzito kuliko zote inahusu kuzuia maswali. Katika maandishi yake ya 1844, Marx anamfikiria mtu anayeuliza nani alimwanzisha binadamu wa kwanza. Hamjibu. Anamwambia aliache swali lenyewe, kwa kuwa limetokana na fikra potofu. Voegelin aliona hapo alama ya Mgnosi: anayeuliza anahesabiwa kuwa hajafunuliwa.

Bei ya dagaa ikishuka pale Mwaloni Kirumba, mmoja atasema mvua imeharibu uanikaji, mwingine atawalaumu walanguzi. Hao unaweza kubishana nao. Nenda kawaangalie dagaa wenyewe kama wamelowa. Yupo na wa tatu, anayesema kuna watu waliopanga kila kitu tangu zamani. Mwulize amejuaje: "Kaka, wewe bado umelala." Mjadala umekwisha.

Wapinzani wa Voegelin wana hoja nzuri. Mgnosi wa kale alitaka kuitoroka dunia. Habari ya kuitengeneza upya kwa serikali na mipango haikumhusu. Mwanafalsafa Mjerumani Hans Blumenberg, mwaka 1966, aliigeuza hoja juu chini: usasa ndio jaribio la pili la kuushinda Ugnosi. Na Voegelin mwenyewe baadaye alikiri kwamba jina hilo halitoshi kueleza kila kitu. Leo wako wanaolitumia kama tusi tu kwa chama wasichokipenda, na hapo halina faida yoyote.

Je, Ujamaa ulikuwa Ugnosi? Swali hili nalo huulizwa, na watu hupandwa na jazba. Ahadi ya jamii mpya ilikuwepo, tena Azimio la Arusha la 1967 liliitaja waziwazi. Lakini mwaka 1977 Mwalimu Nyerere alichapisha tathmini ya miaka kumi, akasema Tanzania bado si nchi ya kijamaa wala haijajitegemea, na akataja makosa yaliyofanyika. Mwenye ujuzi wa siri haandiki hivyo. Nisingemweka kapu moja na watu wa Voegelin. Ila wakulima waliohamishwa kwa nguvu wakati wa Operesheni Vijiji, Usukumani wakiwemo, hawakupewa nafasi ya kuuliza maswali, na mwanafunzi anayelisisitiza hilo simpunguzii alama.