Buddha si yule mzee mwenye kitambi: tunayokosea Nairobi kuhusu Ubuddha

Yule mzee kipara, kitambi nje, kicheko hadi masikioni, anayewekwa kwenye kaunta za mikahawa ya Kichina na maduka ya zawadi huku Westlands, si Buddha. Anaitwa Budai. Masimulizi ya Wachina yanamtaja kama mtawa wa karne ya 10 aliyezurura na gunia lake begani, na baadaye watu wakaamini kuwa alikuwa Maitreya, yaani Buddha wa zama zijazo, aliyekuja kwa sura ya maskini.

Buddha wa historia ni Siddhartha Gautama, mtoto wa ukoo wa Shakya, aliyezaliwa Lumbini, mahali ambapo leo pako Nepal. Yeye alikuwa na shida tofauti kabisa na kitambi. Katika kutafuta ukombozi alijinyima chakula mpaka mbavu zikahesabika, akatambua kuwa kujitesa hakumfikishi popote, akapokea chakula kutoka kwa mwanamke wa kijijini, kisha akaenda kuketi chini ya mti pale Bodh Gaya, India, ambako inasemekana alipata mwangaza. Mafundisho yake ya njia ya kati, ya kutojidekeza wala kujitesa, yalitokana na njaa hiyo.

Makosa yetu mengi yanaanzia machoni namna hii. Mengine yanatokana na mazoea ya kupima kila dini kwa kipimo cha kanisa au msikiti: lazima iwe na Mungu wake, mtume wake, kitabu kimoja na siku moja ya wiki. Ubuddha hautoshei kwenye kipimo hicho, basi tunaujaziliza wenyewe.

"Wanamwabudu Buddha kama Mungu." Siddhartha alikuwa binadamu. Alifundisha kwa takriban miaka 45 na akafariki Kushinagar akiwa na umri wa miaka 80. Hakudai kuumba dunia, wala Ubuddha haumtambui muumba. Anayeinama mbele ya sanamu na kuwasha ubani anatoa heshima kwa mwalimu na kujikumbusha njia aliyoichagua. Lakini tusiwatakase kupita kiasi. Ukienda Thailand au Japani utakuta watu wanaoomba mtoto afaulu mtihani au biashara isimame, na kuna mamilioni wanaotaja jina la Buddha mwingine, Amitabha, wakitumaini kuzaliwa upya katika nchi yake safi. Hata miungu imo katika maandiko ya Kibuddha, ila nayo huzeeka na kufa kama sisi. Kwa hiyo anayesema hawaombi kabisa amekosea sawa na anayesema wanaabudu jiwe.

"Ni dini ya kukata tamaa, eti maisha ni mateso tu." Hili hutokana na kusoma ukurasa wa kwanza na kufunga kitabu. Kweli Nne alizofundisha Buddha mara ya kwanza, pale Sarnath, zimepangwa kama maneno ya daktari: ugonjwa ni huu, chanzo chake ni hiki, kupona kunawezekana, na dawa ndiyo hii. Ugonjwa ni kutoridhika. Umepandishwa cheo Jumatatu, ikifika Alhamisi unahesabu ni nani aliyepewa gari kubwa kuliko lako. Chanzo ni kiu, kule kung'ang'ania. Dawa ni njia yenye sehemu nane, inayogusa mtazamo, nia, maneno, matendo, namna ya kutafuta riziki, juhudi, uangalifu na utulivu wa akili. Riziki imo humo makusudi: kuuza silaha, sumu au binadamu ni kazi asizoruhusiwa mfuasi, hata kama zinalipa karo.

Waumini wa kawaida huchukua ahadi tano: kujiepusha na kuua, na kuchukua wasichopewa, na uzinzi, na uongo, na vileo. Si amri zilizoshushwa kutoka juu. Ni mazoezi mtu anayojiwekea mwenyewe. Hiyo ya tano hata Msabato wa Kisii hawezi kuipinga.

Sasa karma, ambayo Nairobi tumeigeuza silaha. Mpenzi aliyekuacha akifutwa kazi, unaambiwa karma imemfikia. Jirani akiibiwa gari, karma tena. Katika Ubuddha karma ni tendo linalofanywa kwa kukusudia, liwe la mwili, la ulimi au la mawazo. Haina hakimu, na haifanyi kazi kama deni linalodaiwa papo hapo. Zaidi ya hayo, Buddha mwenyewe alikataa wazo kwamba kila kinachompata mtu leo kimetokana na matendo yake ya zamani. Alipoulizwa na mzururaji mmoja aitwaye Sivaka, alitaja sababu nyingine za maumivu: maradhi ya mwili, mabadiliko ya hali ya hewa, ajali, kushambuliwa. Karma aliitaja kama moja tu kati ya hizo. Anayemwambia mama mwenye mtoto mgonjwa kuwa "hiyo ni karma" asimsingizie Buddha. Ni kweli wapo Wabuddha wanaosema hivyo pia, na nao wanapaswa kurudi kwenye maandiko yao.

Kuzaliwa upya nako hueleweka vibaya, eti roho yako inahama na kuingia kwa paka. Ubuddha unakataa kuwepo kwa roho ya kudumu isiyobadilika. Kinachoendelea ni mfululizo wa sababu na matokeo. Ni fundisho gumu, na Wabuddha wenyewe wamelijadili kwa zaidi ya miaka 2,000.

"Ukitafakari unaacha akili tupu, na pepo huingia." Hofu hii nimeisikia hasa miongoni mwa walokole, na naielewa, kwa sababu hata wanaouza mafunzo ya kutafakari hupenda kusema "ondoa mawazo yote". Zoezi la msingi ni kinyume chake. Unakaa, unafuatilia pumzi ikiingia na kutoka, unagundua akili imekimbilia deni la M-Pesa, unairudisha. Unaangalia mwili, hisia na mawazo yanavyokuja na kupita. Akili ina kazi muda wote. Si kila Mbuddha hufanya hivyo, tena: wengi duniani huishi dini yao kwa kutoa sadaka, kuimba maandiko na kulisha watawa.

Alama ya msalaba wenye ncha zilizopinda, inayoonekana kwenye mahekalu ya Parklands na Ngara, si ya Hitler. Ni alama ya heri ya India iliyotumika maelfu ya miaka kabla Wanazi hawajaichukua mwaka 1920. Hayo mahekalu yenyewe ni ya Wahindu na Wajaini, na ya Masingasinga yako karibu. Si ya Wabuddha.

Nyama? Watawa wa Kichina hawali, wa Tibeti wengi hula. Maandiko ya zamani yanamruhusu mtawa kula nyama mradi hakuona, hakusikia wala hashuku kuwa mnyama alichinjwa kwa ajili yake. Na Dalai Lama si papa wa Wabuddha wote. Ni kiongozi wa kiroho wa Watibeti, na mtawa wa Sri Lanka hawajibiki kwake.

"Ni dini ya amani tu, haijawahi kumwaga damu." Muulize Mwislamu wa Eastleigh anayefuatilia habari za Warohingya, Waislamu walio wachache Myanmar. Kuanzia Agosti 2017 zaidi ya watu 700,000 walikimbia Myanmar kwenda Bangladesh, na miongoni mwa waliochochea chuki dhidi ya Waislamu nchini humo ni mtawa Ashin Wirathu. Ahadi ya kwanza inakataza kuua. Kuwa na fundisho zuri hakujawahi kumzuia binadamu wa dini yoyote, na sioni kwa nini Wabuddha pekee wapewe picha ya malaika.

"Ni ya Wahindi na Wachina, si ya Mwafrika." Katika sensa ya India ya 2011 Wabuddha hawakufika hata asilimia 1. Wahindi wa Nairobi wengi ni Wahindu, Wajaini, Masingasinga, Waislamu au Wakristo wa Goa. Kwa upande mwingine, Wasinhala, watu wenye asili ya Sri Lanka, walijenga hekalu Dar es Salaam miaka ya 1920. Uganda ina Bhante Buddharakkhita, aliyelelewa Mkatoliki, akaujua Ubuddha alipokuwa akisoma India, akawa mtawa mwaka 2002 na kuanzisha kituo chake karibu na Entebbe mwaka 2005. Na hapa Nairobi wapo Wakenya wa Soka Gakkai, jumuiya ya Kibuddha iliyoanzia Japani, wanaofuata mafundisho ya Nichiren, mtawa wa Kijapani wa karne ya 13. Hawanyoi vichwa wala kuvaa kanzu za rangi ya machungwa. Wanakaa sebuleni, wanaimba "Nam-myoho-renge-kyo", kisha kesho yake asubuhi wanapanda matatu kwenda kazini.