Wiski ya Ayalandi: aina zake nne na kazi ya pipa

Katika baa nyingi za Nairobi na Dar es Salaam, wiski ya Ayalandi ni chupa ya kijani ya Jameson, basi. Ukimuuliza mnywaji inatofautianaje na ya Uskoti, atakujibu kwamba hii hukenekwa mara tatu, yaani huchemshwa na mvuke wake ukanaswa upoe na kurudi kuwa kimiminika, ndiyo maana inateleza kooni. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Jameson na Bushmills hukenekwa mara tatu, lakini sheria ya Ayalandi haimlazimishi mtu kufanya hivyo. Connemara ni wiski ya Ayalandi halali kabisa, na hukenekwa mara mbili tu. Tena shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi (peat) unaochomwa kama kuni, jambo ambalo wengi hudhani ni la Waskoti peke yao.

Sheria inataka nini, basi? Kinywaji kitokane na nafaka iliyotiwa kimea, kichachushwe kwa hamira, kisha kikenekwe. Kilevi kinachotoka mtamboni kiwe chini ya asilimia 94.8, ili ladha ya nafaka isipotee yote. Kikae kwenye mapipa ya mbao yasiyozidi lita 700 kwa muda usiopungua miaka 3, na miaka hiyo yote ipite ndani ya kisiwa cha Ayalandi, iwe upande wa Jamhuri au Ayalandi ya Kaskazini. Chupani kisishuke chini ya asilimia 40. Ndani ya uzio huo kuna aina nne.

Ya kwanza ndiyo ya Waayalandi hasa, na lebo huiandika "Single Pot Still". Neno "Single" hapo lina maana ya kiwanda kimoja, si pipa moja wala nafaka moja. Siri yake iko kwenye shayiri. Kimea, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kuona pombe ya wimbi au mtama ikitengenezwa, ni nafaka iliyoloweshwa ikachipua kisha ikakaushwa, ili iwe na vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari. Wiski hii huchanganya kimea cha shayiri na shayiri mbichi isiyochipuka. Kanuni za sasa zinadai kila moja isipungue asilimia 30, na nafaka nyingine kama oti au rai zisizidi asilimia 5. Mchanganyiko huo hukenekwa kwenye vyungu vikubwa vya shaba, chungu kimoja baada ya kingine.

Kwa nini shayiri mbichi? Maelezo yanayotolewa sana ni kodi. Mwaka 1785 kimea kilitozwa kodi, na wapika wiski wakaanza kupunguza kimea na kuongeza nafaka ambayo mtoza ushuru hakuwa na neno nayo. Ujanja wa kukwepa kodi ukazaa ladha mpya, nzito, yenye mafuta kidogo mdomoni na ukali unaokumbusha viungo vya pilau. Kodi ilipita, ladha ikabaki. Redbreast, Green Spot na Powers John's Lane ni za aina hii, na kwa maoni yangu mtu ambaye hajaonja mojawapo bado hajaijua wiski ya Ayalandi, hata kama amemaliza kreti za nyingine.

Aina ya pili ni ya kimea kitupu: shayiri iliyochipushwa asilimia 100, chungu cha shaba, kama wanavyofanya Waskoti. Bushmills, iliyoko Kaunti ya Antrim, ndiyo maarufu zaidi hapa.

Ya tatu ni ya nafaka, mara nyingi mahindi au ngano pamoja na kimea kidogo, hukenekwa kwenye mtambo wa minara mirefu unaofanya kazi mfululizo bila kusimama. Hutoa kinywaji chepesi na cha bei nafuu. Kuna kejeli hapa: aliyesajili hataza ya mtambo huo mwaka 1830 ni Aeneas Coffey, aliyekuwa ofisa mkuu wa ushuru huko Ayalandi. Wenye viwanda wakubwa wa Dublin waliudharau, wakasema kinachotoka humo si wiski. Waskoti wakauchukua, wakachanganya wiski yake nyepesi na ile nzito ya kimea, wakauza dunia nzima. Ukiongeza vita vya uhuru, marufuku ya pombe Marekani kuanzia 1920 hadi 1933, na mgogoro wa kibiashara na Uingereza miaka ya 1930, utaelewa ni kwa nini katikati ya miaka ya 1980 kisiwa kizima kilibaki na viwanda viwili tu, Midleton huko Cork na Bushmills. Mwaka 1987 John Teeling alianzisha Cooley, na leo viwanda vimepita 40.

Aina ya nne ni mchanganyiko wa mbili au zaidi kati ya hizo tatu, na ndiyo inayouzwa kwa wingi kuliko zote. Jameson ya kawaida ni ya chungu na ya nafaka. Tullamore D.E.W. inachanganya zote tatu. Wapo wanaoidharau aina hii kana kwamba imechakachuliwa, na hawana haki: kuchanganya vizuri ni ufundi, na hakuna tone la maji ya bomba linaloitwa wiski humo.

Sasa twende ghalani, kwa sababu kinywaji kinapotoka mtamboni ni cheupe kama maji. Rangi yake ya asili na sehemu kubwa ya harufu na utamu hutoka kwenye mbao, na mbao yenyewe kwa kawaida ni mwaloni. Kabla ya kutumika, pipa huchomwa au kubanikwa kwa ndani. Moto huvunja lignini, kitu kinachoupa mti ugumu, na kutoa vanilini, ndiyo ile harufu ya vanila. Sukari zilizofungwa ndani ya mbao huungua kuwa kama karameli. Tanini hutoa ukakasi. Tabaka la mkaa nalo hunyonya harufu za kiberiti zilizobaki kutoka mtamboni.

Mapipa yenyewe mengi ni mitumba. Sheria ya Marekani inataka burboni, wiski yao ya mahindi, iwekwe kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa, kwa hiyo yakishatumika mara moja wenyewe hawawezi kuyarudia, na huuzwa kwa wingi. Pipa la burboni huchukua kama lita 200, na humpa mnywaji vanila, nazi na asali. Pipa la sheri, divai iliyoongezwa kilevi kutoka Jerez, Uhispania, ni kubwa zaidi, kama lita 500, na likiwa la mwaloni wa Ulaya lililolowa oloroso, yaani sheri nzito ya rangi iliyokolea, hutoa zabibu kavu, tini, njugu na ukakasi zaidi. Mapipa ya sheri ya siku hizi hayaokotwi tu kwenye magala ya divai; Midleton huagiza yachongwe na kujazwa sheri makusudi kabla ya kusafirishwa kwenda Cork.

Wiski inaweza kukaa pipa moja tangu mwanzo hadi mwisho, au ikahamishiwa jingine mwishoni. Bushmills ya miaka 16 hukomaa kwenye mapipa ya burboni na ya oloroso, kisha humalizia miezi kadhaa kwenye mapipa ya divai ya Porto. Ya miaka 21 humalizia kwenye mapipa ya divai ya Madeira. Kiwanda cha Teeling cha Dublin nacho hupeleka wiski yake ya Small Batch kwenye mapipa ya ramu. Yellow Spot ni hesabu nyingine: hutokana na mapipa ya burboni, sheri na divai ya Malaga. Jina lake lilitokana na desturi ya Mitchell & Son, wauza divai wa Dublin, waliokuwa wakipaka mapipa doa la rangi kuonyesha umri: buluu miaka 7, kijani 10, njano 12, nyekundu 15.

Jambo moja la sheria halisemwi vya kutosha. Uskoti inadai mwaloni. Ayalandi inadai mbao, ikitaja mwaloni kama mfano tu. Ndiyo maana Midleton, kupitia chapa yao ya Method and Madness, wameweza kumalizia wiski kwenye mapipa ya mti wa chestinati. Kwangu mimi uhuru huo ni tofauti nzito zaidi kati ya nchi hizo mbili kuliko hesabu ya kukeneka mara mbili au tatu.

Ghalani, pipa halikai bure. Hali ya hewa ya Ayalandi ni ya ubaridi na unyevu, na kila mwaka karibu asilimia 2 huvukia kupitia mbao. Wenyewe huiita fungu la malaika. Pipa hilohilo likiwekwa kwenye joto la Mombasa lingepungua haraka zaidi, na mbao ingefanya kazi yake kwa kasi. Kwa hiyo miaka 12 ya Cork si miaka 12 ya kila mahali.

Umri ulioandikwa kwenye chupa ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo; za miaka 20 zinaweza kuwamo pamoja na ya miaka 12, lakini lebo itasema 12. Pasipoandikwa umri, kinachojulikana kwa hakika ni ile miaka 3 ya sheria. Na kwa vile sheria inaruhusu kutia karameli ya kuwekea rangi, weusi wa wiski kwenye glasi hauthibitishi imekaa pipani muda gani.