Leza ya darubini haitoshi bila nyota halisi

Kila zinaposambaa mitandaoni zile picha za kituo cha darubini cha Paranal, Chile, za miali minne ya rangi ya machungwa ikitoka kwenye darubini ya Yepun, naulizwa: wanapiga nini huko juu? Hakuna kinachopigwa. Wanatengeneza nyota.

Kioo kikuu cha Yepun kina kipenyo cha mita 8.2, zaidi ya mara tatu ya kile cha Hubble, darubini iliyo angani. Lakini hewa ya joto na ya baridi zikichanganyika huupinda mwanga huku na huku, kama sarafu inavyoonekana kuchezacheza chini ya maji. Ukiiacha hivyo, picha yake kwa mwanga wa kawaida haipiti sana ya darubini ya sentimita 20. Mwanga inakusanya mwingi, undani hamna.

Mwanaastronomia Horace Babcock alipendekeza dawa ya tatizo hilo mwaka 1953, ila teknolojia ilikuwa bado. Leo kihisi hupima jinsi mwanga wa nyota ulivyovurugwa, kompyuta ikapiga hesabu, na kioo cha pili, chenye unene wa milimita 2 tu, kikabadilishwa umbo kwa visukumaji 1,170, mamia ya mara kwa sekunde.

Shida ni kwamba kihisi kinataka nyota angavu jirani na unachokitazama, na mara nyingi haipo. Ndipo inapokuja leza: huamsha atomu za sodiamu zilizoachwa na vimondo kilomita 90 hivi juu, nazo zikang'aa kama nyota ya bandia ambayo kihisi kinaweza kuitumia.

Jambo ambalo maelezo ya picha hizo huliruka ni hili. Mwali wa leza hupinda ukipanda, kisha mwanga wake hupinda vilevile ukirudi, na mipindo hiyo miwili hufutana, hivyo kuyumba kwa picha nzima hakupimiki. Kwa kazi hiyo bado inatakiwa nyota halisi, japo hafifu.

Wakati mwingine nyota ya kweli inatosha peke yake. Kuelekea katikati ya galaksi yetu, vumbi huzuia mwanga wa kawaida, lakini nyota IRS 7 inang'aa sana kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. NACO, kifaa cha kunyoosha picha kwa njia hii kilichokuwa kwenye Yepun hiyohiyo, kilikuwa na kihisi cha infraredi. Kwa njia hiyo, mwaka 2002, kundi la mwanaastronomia Reinhard Genzel liliiona nyota S2 ikipita saa 17 za mwanga (umbali ambao mwanga huenda kwa saa 17) kutoka kwenye shimo jeusi lililo katikati ya galaksi hiyo.