Je, wajua kwa nini gari la spoti hupumulia nyuma?

Gereji za bodi za Shimanzi, Mombasa, hazikosi vituko, lakini ganda la Lamborghini lililokalia matofali bila magurudumu humsimamisha hata mtu anayewahi feri ya Likoni. Ni replika: bodi ya faibaglasi iliyofinyangwa ifanane na gari la mamilioni, kisha ikavalishwa gari la kawaida. Mbele imeshapigwa prima. Nyuma bado kuna matundu mawili mapana, meusi kama pua za ng'ombe. Mwenye gari, kijana mwenye pupa ya kuliona barabarani, anauliza: "Ami, si uyazibe tu kwa faiba upige rangi, tumalize?"

"Mwanangu," fundi anamjibu, "wewe ukizibwa pua utalala usiku?"

Injini ndiyo iko huko. Probox na magari mengi ya mjini hapa hubeba injini mbele, kwa hiyo grili yao, ule wavu wa kupitishia hewa, iko mbele. Lamborghini Miura ya mwaka 1966 iliweka injini ya silinda 12 nyuma ya mgongo wa dereva, na mwaka huohuo Ford GT40, nayo ya injini nyuma ya viti, zikachukua nafasi tatu za kwanza kwenye mashindano ya Le Mans kule Ufaransa. Mtindo ukashika. Ndiyo sababu wajenzi wengi wa replika huanzia kwenye Toyota MR2, gari lililotoka 1984 likiwa tayari na injini nyuma ya viti. Toyota kwa moyo, Mwitaliano kwa sura.

Injini ikifungiwa kwenye chumba kidogo pamoja na ekzosi inayochoma, joto lazima lipate mlango. Gari likienda kasi huacha nyuma yake hewa yenye shinikizo la chini kuliko ya chumba cha injini. Hewa hukimbilia penye shinikizo dogo, basi ile ya moto hunyonywa nje kupitia grili ya nyuma na ya baridi huingia kwa matundu ya ubavuni. Ukiziba nyuma, hata ya ubavuni hayana kazi tena. Chupa iliyojaa haimiminiwi.

Hayo ni gari likiwa mbioni. Kwenye foleni ya daraja la Nyali, jua la Februari likiwa utosini, hakuna kinachonyonya. Hapo joto hutegemea tabia yake ya kupanda juu, ndiyo maana Miura ilifunikwa injini kwa vibao vyeusi vilivyolala mshazari mahali ambapo gari jingine lingekuwa na kioo cha nyuma. Waliojenga nyumba za Mji wa Kale hawakuhitaji injini kulijua hilo: dirisha la vibao hupitisha upepo wa bahari, jua na macho ya wapita njia yakabaki nje. Hata hivyo, kwenye replika mimi ningeongeza feni, maana foleni zetu hazina huruma.

Sasa, grili ya nini? Hapa ndipo watu hudanganywa na macho. Chukua bati lenye matundu ya duara ya milimita 6 yaliyopangwa kwa kupishana, kutoka kitovu cha tundu hadi kitovu cha jirani yake milimita 9. Ukilitazama utadhani sehemu kubwa iko wazi, kumbe ni asilimia 40 tu. Wavu wa waya wa milimita 2, wenye macho ya mraba ya milimita 12, huacha wazi asilimia 73. Urembo wa bati la matundu una gharama yake, na anayeilipa ni injini.

Ukienda hadiwea kuna ile waya ya kofitrei, iliyokusudiwa kuanikia kahawa, ambayo mafundi huifanyia kila kitu hadi mabanda ya kuku. Inapatikana upesi na hewa inapita vizuri, lakini ni chuma kilichopakwa zinki, na chumvi ya bahari ikishaimaliza hiyo zinki, michirizi ya kutu itateremka juu ya rangi yako nyeupe. Bora alumini iliyochanjwa kisha ikavutwa mpaka ikafunguka macho ya umbo la kashata. Nayo ina hila yake. Vijiti vyake vimelala upande mmoja, kwa hiyo ukiutazama wavu huu kutoka juu huonekana wazi, ukiugeuza juu chini unaonekana umeziba. Fundi asiyejua hukata grili ya kulia hivi na ya kushoto vile, kisha mwenye gari anashangaa mbona pua moja ni nyeusi na nyingine inang'aa. Alama ya mshale kwa kalamu kabla ya kukata ingemwokoa.

Vipimo havitoki kwenye kitabu. Ganda la faiba hufinyangwa kwa mkono, na tundu la kulia mara nyingi halilingani na la kushoto. Fundi huchukua boksi la katoni, hulibandika juu ya tundu, husugua ukingo kwa kidole gumba hadi mstari utokee, halafu hukata ndani kidogo ya mstari. Kila upande una boksi lake. Fremu hupindwa kwa kipande bapa cha alumini, na kwenye kona kali alumini hupasuka. Dawa yake ni sabuni ya kufulia: anaipaka, anapitisha moto wa gesi polepole, na sabuni ikigeuka nyeusi, alumini imefika karibu nyuzi 350, imelainika. Akichelewa kidogo tu, alumini huyeyuka bila kuonya, kwa kuwa haibadilishi rangi kama chuma cha kawaida.

Kufunga nako si kupiga riveti moja kwa moja. Riveti hutanuka ndani ya tundu lake na kuipasua faiba. Nyufa hujitokeza baadaye, rangi ikiwa imeshakauka na pesa imeshaliwa. Afadhali vishikizo vibandikwe kwa ndani kwa matabaka ya faiba na rezini, grili ifungwe kwa bolti kwenye matundu yaliyopanuliwa kuwa marefu. Fremu ya alumini ya mita 1.2 ikipata joto la nyuzi 50 zaidi hurefuka milimita 1.4 hivi. Isipopata pa kwenda, itapinda au itaisukuma bodi. Na kati ya bolti ya chuma kisichoshika kutu na alumini lazima kuwe na washa ya plastiki, kwani metali mbili tofauti zikikutana penye unyevu wa chumvi, mojawapo huliwa. Hapa huliwa alumini. Utaona unga mweupe ukizunguka bolti.

Kazi ikiisha, jaribio la gereji za pwani halihitaji mashine. Chetezo, kaa la moto, kipande cha udi. Fundi huiacha injini ingurume, hukiweka chetezo karibu na matundu ya ubavuni na kutazama moshi unapoelekea. Mara ya kwanza moshi uliingia ubavuni, kidogo ukatokea kwenye grili, na uliobaki ukaonekana ukipanda taratibu kati ya viti viwili. Tundu la waya za gia, kwenye ukuta wa nyuma ya dereva, halikuwa limezibwa. Udi unanukia, lakini njia hiyo ingeingiza na moshi wa ekzosi. Kijana alitumwa dukani kununua raba, na gari likabaki juu ya matofali siku moja zaidi.