Je, wajua kwa nini Wamarekani hushika ufagio sikukuu ya Martin Luther King?

Jumatatu ya tatu ya Januari, ofisi za serikali na benki nyingi Marekani hufungwa kwa heshima ya Martin Luther King, mchungaji aliyeongoza harakati za haki za Wamarekani Weusi. Lakini asubuhi hiyohiyo utawakuta watu na ndoo za rangi wakipaka kuta za shule, wengine wakiokota taka kandokando ya mito, wengine wakifungasha unga na maharage ya kugawia wasio na kitu. Msaragambo mtupu! Mapumziko gani haya ya kutoka jasho?

Chanzo ni King mwenyewe. Tarehe 4 Februari 1968, katika kanisa la Ebenezer mjini Atlanta, alihubiri juu ya hamu ya binadamu ya kutaka kuwa wa kwanza. Hakuikemea. Alisema kila mtu anaweza kuwa mkuu, kwa sababu kila mtu anaweza kutumikia, hata asiye na shahada ya chuo. Kisha akasema siku ya mazishi yake wasitaje Tuzo ya Nobel; waseme tu alijaribu kuwalisha wenye njaa na kuwavika walio uchi. Miezi miwili kamili baadaye, 4 Aprili, akapigwa risasi na kuuawa mjini Memphis, kusini mwa Marekani. Mazishini ikawekwa kanda ya mahubiri yale, waombolezaji wakamsikia marehemu akijisemea mwenyewe.

Muswada wa sikukuu ulipelekwa bungeni siku 4 tu baada ya kifo chake, ukasota miaka 15 hadi Rais Reagan alipoutia saini mwaka 1983. Wenzake King hawakutaka iishie kuwa siku ya kulala. John Lewis, mwanaharakati ambaye askari walimvunja fuvu kwenye maandamano ya kudai haki mjini Selma mwaka 1965, alikuwa sasa mbunge wa Georgia. Yeye na Seneta Harris Wofford, rafiki wa King, wakaandaa sheria ya kuifanya siku ya kujitolea, na Rais Clinton akaisaini Agosti 1994. Haimlazimishi mtu. Hata hivyo, tarehe 19 Januari 2009, siku moja kabla ya kuapishwa kuwa rais, Barack Obama alikunja mikono ya shati akapaka rangi ukuta wa makazi ya vijana wasio na kwao mjini Washington.

Napenda sana desturi hii, ila tusisahau King alifuata nini Memphis. Alikwenda kusimama na wazoa taka 1,300, wanaume Weusi, waliogoma baada ya wenzao wawili waliojikinga mvua ndani ya gari la taka kusagwa na mashine yake. Watu hawa walikuwa wakisafisha jiji kila siku ya Mungu. Walichonyimwa ni ujira wa haki na heshima. Mabango waliyobeba kifuani yalikuwa na maneno machache: MIMI NI MTU. Anayeokota chupa mtaroni Jumatatu ile anashika kazi yao kwa saa chache, na ni vyema ajue walivyoipigania. Tarehe 16 Aprili, siku 12 baada ya King kuuawa, jiji lilikubali kukitambua chama chao na kuwaongeza mshahara.